Mguu wa Kulia wa Shakwe

Mheshimiwa Meya wa kisiwa chetu cha Terschelling. Mwenyekiti wa Kongamano, Daktari Roelien Kamstra. Maprofesa wenzangu, mliostaafu na mnaojifanya hamjachoka. Watafiti wa ikolojia na wa tabia za wanyama mliovuka maji kuja hapa. Wanafunzi mliosimama kule nyuma, ambao viti vya mbele mmewaachia wakubwa ambao hawakutokea. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana: habari za asubuhi.

Niruhusuni nizungumze nikiwa nimekaa. Daktari wangu amenipa wiki, hakunipa miezi. Kwa kuwa nimeishi kwa kuhesabu viumbe, nilimwuliza amezihesabuje hizo wiki, akasema ni makadirio tu. Nikamwambia hata sisi hukadiria, lakini pembeni huandika tunaweza kuwa tumekosea kwa kiasi gani. Hakucheka. Basi nami nitasema leo kama mtu asiyejua ana siku ngapi, na jambo nililokuja kulisema lisingefaa kusubiri hata kama angenipa miaka kumi.

Mmeniomba nifungue kongamano hili, kisha nizindue mfuko mpya wa kuwasafirisha wanafunzi kwenda kutafiti wanyama walipo, mfuko mliotaka kuupa jina langu. Bango liko pale ukutani, limefunikwa kitambaa cha kijani. Nitalifikia.

Kwanza niwaulize: mmewahi kujitazama? Nimehudhuria makongamano ya namna hii tangu nilipokuwa na nywele, na nakiri kwamba mara nyingi, mwenzenu anaposoma majedwali yake, mimi huwa natazama ukumbi. Wakati wa kahawa wageni husimama karibu na ukuta, kikombe kimeshikwa kwa mikono miwili, biskuti moja, maana kwetu biskuti ni moja. Wakubwa husimama katikati, migongo nje, vichwa ndani. Mgeni akikaribia, mduara haufunguki, ila mtu mmoja hugeuza bega kidogo. Kwa nini anageuza bega? Je, anamkaribisha au anamzuia? Miaka hamsini na sijajua. Kisha kuna ubao wa nafasi, ule ulio karibu na mlango, wenye matangazo ya shahada za uzamivu, kazi za kiangazi, nauli, warsha. Hakuna anayeutazama ubao ule mwenzake akiwa karibu. Kila mmoja husubiri watu wapungue, ndipo aende mbiombio, asome, arudi akiwa na uso wa mtu aliyekuwa akitafuta choo. Tumeandika vitabu vizima juu ya aibu ya mbweha, lakini aibu ya mwanafunzi mbele ya ubao wa nafasi hatujaandika hata ukurasa mmoja.

Nauliza hivyo kwa sababu mwaka 1979, katika kongamano hili hili, mimi niliamua nani apate nafasi iliyokuwa imebandikwa kwenye ubao ule. Niliamua kwa kosa, na kosa lile nilikuwa nimeshalijua kabla ya kuamua.

Lakini nisingeyasema haya leo kama si jambo lililotokea mwezi Juni. Wenzangu walinichukua kwa gari hadi Boschplaat, kwenye viota vya shakwe, ili nikae katika kibanda cha kutazamia ndege nitazame kwa mara ya mwisho, ingawa hakuna aliyetamka neno hilo. Kando yangu alikaa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Silke, akisoma kwa darubini pete za rangi za miguuni mwa ndege, nami nikimwandikia, kwa kuwa nilitaka kujiona nina kazi. Akasoma nyekundu kulia, kijani kushoto. Nikaandika. Baada ya kitambo akajipiga paji la uso.

"Samahani Profesa, futa hiyo. Nimepiga Baukje."

Nikamwuliza umepiga nani?

"Nimegeuza kushoto na kulia. Sisi huku tunasema kupiga Baukje."

Nikamwuliza Baukje ni nani.

"Si mtu, Profesa," akasema. "Ni kosa."

Ndugu zangu, naona baadhi yenu mnatabasamu na wengine mnatazama viatu. Mnalijua neno hilo. Nimeuliza huku na huko, na nimeambiwa limefika hadi kwenye vibanda vya kisiwa cha Texel, na kwamba kuna mtu ameliandika katika mwongozo wa wanaojitolea. Basi nawajulisha kwamba Baukje ni mtu. Anaitwa Baukje Oenema. Alizaliwa Makkum, alisoma biolojia, na alipokuwa na miaka ishirini na minne alikaa kiangazi kizima peke yake katika kibanda kile nilichokaa na Silke, akitazama viota ishirini na viwili kuanzia alfajiri hadi jioni, akila mkate na jibini na kunywa chai ya baridi. Na huyo Baukje hakuwahi kugeuza kushoto na kulia hata siku moja.

Nieleze alichokiona. Wakati ule mimi nilikuwa nimeshaandika, na nilikuwa nimeanza kusifiwa kwa kuandika, kwamba shakwe humtambua kinda wake baada ya siku chache tu, na tangu hapo kinda wa jirani akipotea njia akaingia kiotani kwake, humdona hadi afe. Nilikuwa nimewaona wakidona. Nilikuwa nimeokota makinda waliodonwa. Sikuwa na shaka. Baukje alikuja kwenye kongamano na daftari lake akasema ameona jike wa kiota cha nane akimlisha kinda aliyetoka kiota cha kumi na moja, akamfunika kwa bawa wakati wa mvua, akafanya hivyo siku kumi na tisa. Alisema hivyo taratibu, bila madoido. Kisha akasema hajui sababu, na kwamba angependa kujua.

Hapo ndipo palikuwa pazuri, na ndipo nilipopaharibu. Mtu anaposema "sijui sababu, ningependa kujua", kazi yetu sisi tulioketi mbele ni nini? Si kumwuliza ameona nini tena? Mvua ilinyesha siku ngapi? Jike yule alikuwa amepoteza wake? Mimi sikuuliza hata moja. Nilisimama, nikasema kwa bahati nzuri nina picha ya ndege huyo huyo, niliyoipiga mwenyewe katika juma hilo hilo, nikamwomba fundi aiweke kwenye projekta.

Vijana wa leo, enzi zile picha ilikuwa kipande kidogo cha filamu ndani ya fremu ya karatasi, tukiiita slaidi, na kila slaidi ilitiwa nukta nyekundu pembeni ili mtu ajue aiingize upande gani. Ukutani akatokea shakwe mkubwa, kinda miguuni pake, na mbele yao kigingi cha kiota chenye namba nane. Nikachukua fimbo ya kuonyeshea. Nikasema: tazameni, mguu wa kushoto pete ya buluu, mguu wa kulia pete nyekundu. Kwa mujibu wa orodha yetu, jike wa kiota cha nane ana nyekundu kushoto na buluu kulia. Mwenye buluu kushoto na nyekundu kulia ni jike wa kiota cha kumi na moja. Yaani huyu ni mama mzazi wa kinda, amesimama karibu na kigingi cha jirani, basi. Hapakuwa na muujiza wowote, palikuwa na msichana aliyesoma miguu ya ndege kana kwamba ni mikono yake mwenyewe.

Nikamgeukia, nikasema maneno ambayo nitayarudia kama yalivyokuwa, kwa kuwa nikiyalainisha nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Nilisema, "Binti, mguu wa kulia wa ndege ni wa ndege, si wako."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu mmoja kutoka nyuma akasema, "Mwandikieni kushoto na kulia kwenye viatu vyake vya mbao!" Wakacheka tena. Mwingine akauliza kama siku zote kumi na tisa alikuwa amekaa kibandani kwa kuangalia nyuma.

Baukje alikuwa amesimama chini ya picha, karibu mno, shingo ameipinda. Akasema, "Kuna kitu hakiko sawa kwenye hiyo picha."

Nami nikajibu, "Kisicho sawa ni daftari lako."

Akakusanya karatasi zake. Alikuwa na dakika kumi na mbili. Alikuwa ametumia tano.

Asubuhi yake nilikuwa chumbani kwenye nyumba ya wageni kule bandarini, nikipanga slaidi zangu kwenye sanduku kabla ya feri ya saa nne. Nukta zote nyekundu zilikuwa zimejipanga pembe moja kama askari, isipokuwa moja. Nikaitoa. Nikaishika dirishani kwenye mwanga, nikatia jicho kwenye kioo cha kukuzia. Mnajua kanuni yetu, na tulikuwa nayo hata wakati ule: pete ya chuma, ile yenye namba, huvishwa mguu wa kulia, daima, kwa kila shakwe. Katika picha niliyowaonyesha watu sitini, pete ya chuma ilikuwa mguu wa kushoto. Haikufichwa na nyasi. Iling'aa. Slaidi iliingizwa kinyume, ndege akageuka kama aliye kwenye kioo, na hatukujua kwa sababu namba nane, ukiigeuza, hubaki kuwa nane. Lakini pete ya chuma ilikuwa pale. Watu sitini ambao kazi yao ni kutazama walikuwa ukumbini, na hakuna aliyeiona, kwa sababu mimi nilikuwa nimewaambia watazame wapi. Aliyehisi jambo alikuwa mmoja tu.

Nitawaambia kilichoendelea. Dirisha lile lilitazama gati. Baukje alikuwa pale, na baiskeli yake na begi la kijani, akisubiri feri ile ile. Kutoka mlangoni kwangu hadi alipokuwa hazikuzidi hatua mia tatu. Nilivaa koti. Nikakaa kitandani na koti langu. Nikajiambia nitamwandikia barua. Nikajiambia nitasema kwenye kamati, kwa kuwa kamati ya kuchagua mwanafunzi wa uzamivu ilikuwa ikikutana Alhamisi, nami nilikuwa mmoja wa watatu. Baukje alikuwa ameomba nafasi ile, na kabla ya kongamano alikuwa wa kwanza katika orodha yetu. Alhamisi mwenzangu akasema kwa upole kwamba mtu asiyeweza kusoma pete hawezi kupewa miaka minne ya kusoma pete. Nami nilinyamaza. Aliyepata nafasi alikuwa kijana mzuri, hana lawama yoyote, msimtafute.

Feri ya saa nne niliiacha iondoke. Nilipanda ya saa nane.

Mtaniuliza: kwa nini, Wiebren? Nimejiuliza kama ambavyo ningejiuliza juu ya mnyama. Woga? Ndiyo. Lakini mnyama mwoga hukimbia mara moja, hakai na siri miaka arobaini na mitano huku akipokea medali. Nadhani siku ya kwanza nilinyamaza kwa aibu, na siku ya pili nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimenyamaza siku ya kwanza. Baada ya hapo kila mwaka ulinenepesha ule uliotangulia. Miaka kadhaa baadaye watu wa kwingine walieleza kuhusu shakwe wanaolea makinda wa wenzao, nami nikasimama katika ukumbi huu huu nikawapongeza kwa jambo jipya. Nilisema "jipya". Wengine mliokuwapo mtakumbuka.

Nilipotoka kibandani na Silke mwezi Juni, sikulala vizuri siku tatu, kisha nikamtafuta Baukje. Haikuwa kazi. Miaka yote hiyo alikuwa Harlingen, pale pale feri inapoondokea. Nimepita karibu na mlango wake pengine mara mia mbili. Ni fundi wa miwani. Amewapima macho watu wa bandari ile miaka thelathini na sita. Niliingia dukani saa tano asubuhi nikiwa na mkongojo na ile slaidi mfukoni. Alikuwa akimrekebishia mteja fremu sikioni. Akanitazama mara moja tu, akaendelea na sikio la mteja. Alipomaliza akasema, "Kaa hapo kwenye kiti cha kupimia. Kama umekuja kwa miwani, ni zamu yako. Kama umekuja kwa jambo lingine, umechelewa, lakini kaa."

Nikampa slaidi. Hakuhitaji kioo cha kukuzia. Aliishika kwenye taa, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Pete ya chuma," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Ulijua lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na dirisha, na koti, na feri ya saa nane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, maana wazee tukifikia hali hii tunadhani watu wanadaiwa kutusamehe. Sikupata hata kimoja. Mteja mwingine aliingia, akaona nyuso zetu, akatoka. Kisha akasema kuwa kwa mwaka mzima alikuwa hajiamini hata kuvuka barabara, akitazama kushoto, kulia, kushoto tena, akijiuliza kama anajua ipi ni ipi. Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Ndiyo sentensi nzito kuliko zote nilizowahi kusikia, na nimekaa kwenye kamati nyingi.

Nikamwambia kuna mfuko unaanzishwa kwa jina langu, na kwamba nitaomba uwe na jina lake. Akacheka, kicheko kifupi.

"Jina langu mmeshalitumia vya kutosha," akasema. "Lipumzisheni."

Kwa hiyo, Daktari Kamstra, na wajumbe wa bodi, nawaomba kitambaa kile cha kijani msikifunue. Najua bango limeshachongwa. Najua kipeperushi kimeshachapwa. Wapelekeni wanafunzi safari zao bila jina la mtu yeyote; watafika vilevile. Na enyi vijana mliosimama nyuma, lile neno la kibandani msiliue, maana ni neno lenye kazi. Lirekebisheni tu. Kuanzia leo, ukigeuza kushoto na kulia, sema umepiga Wiebren. Silke, wewe uanze, nimekuona.

Sasa nifike kwenye lililobaki. Nilipokuwa nainuka kuondoka dukani, nilitazama dirisha la nyuma. Linaelekea mapaa bapa ya maghala ya bandari. Na juu ya mapaa yale, enyi wanazuoni, kuna nini? Viota. Shakwe wamehamia mjini, kama mjuavyo, na tangu afungue duka, Baukje ameweka darubini dirishani kati ya vipimo vya macho. Rafu ya juu ina madaftari. Niliyahesabu kwa macho: thelathini na manne. Moyo ulinipiga kwa namna ambayo daktari wangu asingeipenda. Nikasahau aibu yangu kabisa, nikamwuliza kama nilivyopaswa kumwuliza mwaka 1979. Je, wanalea makinda wa wenzao? Umeona tena? Umepata sababu?

Akaniambia ndiyo, ameona tena, mara nyingi. Na ndiyo, anadhani anajua kwa nini.

Nikamwomba aniambie. Nilimbembeleza, sioni haya kusema. Nilimkumbusha kuhusu daktari na wiki zake.

"Hapana," akasema. "Hutasikia peke yako kwenye kiti cha duka langu. Nilikuwa nawaambia watu ukumbini, ukanikatiza. Nina dakika saba zangu. Nirudishie, utasikia na wenzako."

Nimekuwa nikifikiri usiku na mchana jibu linaweza kuwa nini. Je, ni mvua? Je, ni jike aliyepoteza wake? Je, kuna jambo kuhusu majirani ambalo kanuni zangu hazikulipa nafasi? Nimetunga majibu kumi na moja, na ninashuku yote ni ya kijinga. Sijawahi kutamani kujua kitu kama hiki tangu nilipokuwa mwanafunzi, na ni jambo la ajabu kwamba zawadi hiyo nimeipata kwa mtu niliyemnyima.

Amekuja. Yuko safu ya nne, kiti cha pembeni, amevaa koti la rangi ya kijivu, na hakumwambia mtu yeyote karibu naye yeye ni nani. Mwenyekiti, nisamehe kwa kuvuruga ratiba; najua hotuba ya ufunguzi ilipangwa kwenda hadi saa nne na nusu. Mimi nimemaliza ya kwangu. Nawaomba maprofesa wote, kuanzia mimi, tukae kimya atakapokuwa akizungumza, na swali la kwanza liulizwe na mwanafunzi.

Kwa wote mliojipa taabu ya kunileta, na kwa wote mliovumilia sauti yangu hii iliyopasuka, nawashukuru sana. Mimi mmenisikiliza miaka mingi kuliko nilivyostahili. Baukje, njoo, dakika saba ni zako, na ukizidisha hakuna atakayekukatiza. Ndugu zangu, msikilizeni yeye.